Nguruwe 22 wamegoma kula na kaskazi hii. Wafugaji wa Mombasa mnawalisha nini na saa ngapi?

mwakirunge_juu (mwenye uzi)
Hodi wadau. Niko Mwakirunge, kule ndani Kisauni inakokwisha. Nina nguruwe 22 wa kunenepesha, chotara wa Large White na Landrace, niliwachukua mwanzo wa Novemba wakiwa wametoka kuachishwa ziwa. Mpaka Krismasi walikuwa wanapanda vizuri, mtu akiingia bandani anasifu. Tangu Januari wamesimama. Napima kwa futi ya fundi cherehani kila Jumapili, na wiki mbili hizi wengine hawajaongeza hata kilo mbili. Wako kwenye kilo 42 hivi, walitakiwa wawe wameshapita 50.

Mchana wanahema kama mbwa aliyekimbizwa. Wanalala kwenye mkojo na mavi yao wenyewe, na zamani walikuwa wasafi, wana kona yao. Hawaharishi, hawakohoi, hawana homa ninayoweza kuiona.

Nilichofanya: nikadhani chakula hakina nguvu, nikaongeza soya na dagaa. Gharama zikanipanda kichwani, nikafidia kwa kutia pumba za ngano ili gunia lifike mbali. Ndiyo kwanza wakazidi. Nalisha saa 2 asubuhi na saa 8 mchana kwa sababu ndizo saa kijana wangu anapatikana. Hicho cha saa 8 wanakinusa, wanageuka, wanalala.

Duka moja la mifugo wamenionyesha kipakiti cha unga wa kutia kwenye maji, bei yake karibu na gunia la chakula. Nisaidieni kabla sijatoa hela.

mtwapa_mishikaki
Uza. Huku Mtwapa mwezi huu wateja wamejaa, kilo 42 ni nyama pia.

mwakirunge_juu
Kwa bei yako ya mwaka jana, ndugu yangu, afadhali nikae nao wanihemee tu.

mama_wa_utange
Mwanangu, pole. Usinunue kipakiti. Nenda kesho saa 8 mchana, jua likiwa kali, fungua mfereji wanaonywea, yale maji ya mwanzo yakinge kwa kiganja. Halafu rudi hapa utuambie.

mgeni_wa_limuru
Mimi nimehamia Bamburi, nimefuga Limuru miaka mingi. Kule tunawapa pumba na majani ya sukuma na kabichi na wanatanuka tu. Sioni pumba zina kosa gani. Labda una minyoo, wape dawa.

mwakirunge_juu
Shikamoo mama. Nimefanya ulivyosema. Nimetoa mkono haraka! Maji ya kunyonyolea kuku kabisa. Tangi langu ni lile jeusi, liko juu ya mnara wa mawe, halina hata kivuli cha mnazi, na mpira unapita juu ya ardhi kama mita 30 mpaka bandani.

Limuru, dawa ya minyoo walipewa Januari.

mama_wa_utange
Marahaba. Basi umeshapata nusu ya jibu. Wewe ungeyanywa hayo maji? Jenga kibanda cha makuti juu ya tangi, na mpira uuzike, hata futi moja chini inatosha. Kabla ya jua kali fungua maji ya mpirani yamwagike sakafuni wanapolala, yaliyo baridi yaingie. Halafu pima kasi: chukua chupa ya lita moja, ubonyeze mfereji mmoja. Kama haijai ndani ya dakika moja, nguruwe anasimama pale, anachoka, anaondoka na kiu yake. Nguruwe mwenye kiu hali. Hilo halihitaji daktari.

daktari_mstaafu
Mama Utange amenitangulia na yuko sahihi. Nitaongeza upande wa chakula, na Mwakirunge usikasirike, maana nusu ya tatizo umelichanganya kwa koleo lako mwenyewe.

Nguruwe hana jasho la kumpoza. Wewe ukipata joto shati linaroa, upepo unakupoza. Yeye ana njia tatu: kuhema, kulala penye unyevu, na kupunguza kula. Ndiyo maana wameanza kulala kwenye mkojo, hawakuwa wachafu kwa tabia, wametafuta ubaridi. Na ndiyo maana wanaacha chakula. Chakula chochote kikishuka tumboni kinawasha jiko. Kukisaga, kukivunja, kukipeleka mwilini, yote hiyo ni kazi na kazi hutoa joto, na joto hilo hufikia kilele saa chache baada ya mlo. Ukimwekea saa 8, jiko lake linawaka vizuri saa 10, wakati mabati yako bado yanachoma. Yeye hesabu hiyo anaijua kuliko wewe.

Sasa jiko haliwaki sawa kwa kila chakula. Pumba zina nyuzinyuzi nyingi. Hizo hazimeng'enywi tumboni, zinakwenda kuchachuka kwenye utumbo mpana, na uchachu ule unatoa joto. Limuru, hapo ndipo ulipo: kwenu kwenye baridi joto hilo ni blanketi, nguruwe analishukuru. Hapa ni blanketi mwezi wa pili.

Protini nayo. Mwili wa nguruwe hauna ghala la protini. Ikizidi anachohitaji kujenga nyama, ini linaivunja, nitrojeni inatolewa kwa mkojo. Hiyo nayo ni kazi yenye joto, tena inadai maji mengi, na maji yako ndiyo hayo ya kunyonyolea kuku. Wanga uko katikati. Kinachotoa joto dogo kuliko vyote, ukilinganisha na nguvu anayopata mnyama, ni mafuta. Kwa hiyo uliongeza vile viwili vyenye moto, hiki cha ubaridi hukukigusa.

kijana_wa_changamwe
Daktari samahani, hapo kwenye mafuta umeniacha. Mimi nikila viazi karai na nyama ya mafuta mchana natoka jasho mpaka kwenye nyusi. Mafuta yatakuwaje ya ubaridi?

daktari_mstaafu
Swali zuri. Wewe umekula sahani nzima ya vyote pamoja, tena na pilipili. Mimi nasemea kiasi kilekile cha nguvu. Ukitaka nguruwe apate nguvu fulani, ukimpa kwa njia ya mafuta kidogo anakula vijiko vichache na mwili unaitumia karibu ilivyo. Ukimpa kwa pumba inabidi ale ndoo, na sehemu kubwa inapotelea kwenye joto. Tena yeye ameshaamua kula kidogo. Kwa hiyo kidogo hicho kiwe kizito.

Kwa nguruwe wa kilo 30 hadi 60 mimi ningechanganya hivi katika kilo 100: mahindi ya kusaga 68, mashudu ya soya 20, pumba laini za ngano 6 tu, mafuta ya kupikia 3, chokaa ya mifugo 1, DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi) 1, chumvi 0.3, premiksi ya nguruwe (vitamini na madini) 0.3, laisini ya duka (kijenzi kimoja cha protini) 0.3, na methionini pamoja na threonini, vijenzi vingine viwili, 0.1. Dagaa toa. Protini itashuka, itakuwa kama asilimia 16 kasoro, lakini usishtuke, laisini ndiyo inayobana ukuaji wa nyama ya nguruwe kwanza, na hapo umeiweka moja kwa moja bila kubeba mzigo wa protini nyingine. Huo ndio ujanja wenyewe: protini jumla chini, laisini isishuke.

Usibadilishe siku moja. Chukua wiki, robo kwa robo. Na mafuta usipande hadi 8 au 10 kwa kuona yamefanya kazi, chakula kitashikana na mafuta ya nyama yatakuwa laini, mchinjaji atalalamika.

mwakirunge_juu
Daktari nimeandika yote. Laisini na hizo nyingine naulizia wapi?

daktari_mstaafu
Wauzaji wa malighafi za chakula cha mifugo, si duka la dawa. Sema unataka ya kuchanganya chakula cha nguruwe. Ukikosa hizo ndogo mbili usisimame, laisini peke yake uipate. Lakini ukikosa hata laisini, basi soya isiwe 20, irudishe hadi 25, maana hapo utakuwa umempunguzia anachojengea mwili.

bandari_baking
Wadau, mimi naweka magadi ya kupikia, baking soda, kwenye chakula wakati wa joto. Nilisoma nguruwe anayehema sana anapoteza hewa chafu kupita kiasi na damu inaharibika mizani, magadi yanarudisha. Kwa nini hamjaitaja?

mama_wa_utange
Maji yako unatoa wapi wewe?

bandari_baking
Ya mfereji. Yakikatika nanunua ya boza.

mama_wa_utange
Sawa, wewe una bahati. Kisauni kwetu wengi tunanywesha ya kisima na visima vyetu vina chumvi, ukiosha nywele zinasimama. Ukiongeza magadi juu ya chumvi unamfanya nini?

daktari_mstaafu
Bandari, unachosema kuhusu kuhema ni kweli na magadi yana nafasi yake. Ila Mama amegusa penyewe. Magadi ni sodiamu. Chumvi ni sodiamu. Kisima cha pwani kina sodiamu. Kabla hujaongeza popote, peleka maji yapimwe. Chumvichumvi zote zikiwa chini ya 3000 kwa kipimo cha miligramu kwa lita, nguruwe huvumilia. Zikipita hapo huanza kuharisha mwanzoni, na zikizidi sana maji hayo si ya kuwapa.

Na niwaonye wote juu ya jambo moja ambalo Mombasa hutokea kila maji yakikatika. Nguruwe akikosa maji siku nzima huku anakula chakula chenye chumvi, chumvi inapanda mwilini mpaka kwenye ubongo. Halafu maji yanarudi usiku, anakunywa kwa pupa, ubongo unavimba. Asubuhi unamkuta anazunguka, anagonga ukuta kama kipofu, anarushwarushwa na degedege. Watu husema amerogwa au amepewa sumu. Maji yakiwa yamekatika muda mrefu, yarudishe kidogo kidogo kwa masaa mengi.

shanzu_jikoni
Nafanya kazi jikoni hotelini upande wa Shanzu. Makombo tunayo mapipa, mkate, wali, viazi vya kukaanga, mafuta tele. Kwa maneno ya Daktari haya si ndiyo chakula cha wakati wa joto? Mwakirunge nitafute.

mgeni_wa_limuru
Hapo sasa. Chakula cha bure.

daktari_mstaafu
Nilijua mtafika hapo. Nguvu yamo, mafuta yamo, nyuzinyuzi kidogo, sikatai. Lakini chumvi ya jikoni la hoteli nimeshawaeleza. Na kubwa kuliko hiyo: homa ya nguruwe ya Afrika. Ugonjwa huu ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza hapa hapa Kenya, mwaka 1921, na mpaka leo hauna tiba. Kipande cha soseji au mfupa kutoka kwa nguruwe mgonjwa kinatosha kufagia banda. Mtu anayetumia makombo ayachemshe yatokote nusu saa kamili huku anakoroga, yapoe, na sufuria ya mabichi isikutane na ndoo ya yaliyoiva. Kama huwezi hilo kila siku bila kuruka, usianze.

mwakirunge_juu
Shanzu asante, lakini kuni za kuchemsha mapipa sina. Na moshi huo jirani yangu atasema. Ni Mwislamu, mzee wa watu, tunaheshimiana, minazi yangu na yake zimepakana. Maji machafu ya banda nayapeleka upande mwingine kabisa na yeye hajawahi kunitolea neno. Sitaki kuanza.

tanga_mfugaji
Mkuu wa Mwakirunge, salamu kutoka Tanga, joto letu ni moja. Mimi natumia machicha ya nazi, kwa mama ntilie yanatupwa. Yana mafuta bado.

daktari_mstaafu
Yana mafuta, lakini yana nyuzinyuzi nyingi pia. Tena kwa joto hili yakilala siku moja yameshachacha na kunuka. Kwa wa kunenepesha kidogo tu, yakiwa mabichi ya leo.

mama_wa_utange
Mimi nawapa majike wenye mimba. Hao chakula chao kinapimwa wasinenepe, ukiwapa machicha tumbo linajaa wanatulia, hawapigi kelele. Kwa wa kunenepesha nakubaliana na Daktari.

Ila mwanangu, bado hujajibu la saa. Utalisha lini?

mwakirunge_juu
Hapo ndipo pagumu mama. Kijana anatoka kwao saa 1 asubuhi.

mama_wa_utange
Basi alfajiri lisha wewe. Adhana ya alfajiri ikilia, uko macho, hata kama huendi kuswali. Weka chakula hapo hapo, saa 12 na nusu wawe wameshamaliza. Kijana akija kazi yake ni maji na usafi. Jioni jua likishazama wape tena, na saa 3 usiku wape mwisho. Ile ya usiku iwe kubwa kuliko ya asubuhi. Kati ya saa 3 asubuhi na saa 11 jioni usiweke nafaka kihorini hata wakikutazama kwa huruma.

Saa 6 mchana nenda na maganda ya matikiti. Sokoni Kongowea mwezi huu yamelundikana, wanakushukuru ukiyaondoa. Hayo ni maji matupu yenye sukari kidogo, usiyahesabu kama chakula, lakini nguruwe anatafuna, anapoa, anafurahi.

kijana_wa_changamwe
Na kumwagia maji je? Mimi nachukua mpira nampiga kichwani mpaka atulie.

daktari_mstaafu
Acha hiyo. Nguruwe aliyezidiwa ukimmwagia maji baridi ghafla kichwani anaweza kukufia kwa mshtuko. Lowesha sakafu, miguu na tumbo. Mwagia dakika moja au mbili, acha nusu saa akauke, rudia. Kinachopoza ni kukauka, na Mombasa hewa imeshiba maji, kwa hiyo bila upepo unatengeneza mvuke tu. Toboa ukuta upande wa bahari kabla ya kununua feni.

mwakirunge_juu
Sawa. Nimepata kazi ya wiki. Nitarudi.

mwakirunge_juu (wiki tatu na nusu baadaye)
Wadau, nimerudi. Nieleze yote, mazuri na ya aibu.

Siku ya kwanza niliezeka makuti juu ya tangi na kuuzika mpira. Hiyo peke yake, kabla sijagusa chakula, siku ya nne kihori cha jioni kikaanza kwisha. Mifereji mitatu kati ya minne ilikuwa imeziba, mmoja ulikuwa unajaza chupa kwa dakika tatu. Nguruwe 22 walikuwa wanategemea mfereji mmoja, na mimi nilikuwa naulizia kipakiti.

Mbavu zinavyopanda na kushuka nimekuwa nikihesabu saa 8 mchana, yule yule mwenye alama sikioni. Mwanzo alikuwa anahema mara 76 kwa dakika. Sasa ni 50 hivi, siku ya upepo 44. Bado ni nyingi, najua.

Chakula nimebadilisha kwa wiki moja kama Daktari alivyosema. Sasa aibu: nilichanganya kilo 300 kwa mkupuo nipunguze safari. Siku ya tisa chakula kikaanza kunuka kama mafuta ya maandazi yaliyorudiwa mara kumi, wakakisusa, nikarudi nilikotoka siku tatu. Mafuta ya kupikia na joto hili, usichanganye zaidi ya chakula cha siku tano au sita.

Jumapili iliyopita kumi na saba kati yao wameongeza kati ya kilo 3 na 4 kwa wiki. Watatu wamekaa katikati. Wawili wakubwa, walioshapita 60, bado wanazembea.

daktari_mstaafu
Vizuri. Hao wawili watenganishe, wape nafasi zaidi sakafuni. Mkubwa ndiye anayeumia kwanza, ana mafuta chini ya ngozi na ngozi yake ni ndogo ukilinganisha na uzito. Kwa futi unatumia hesabu gani?

mwakirunge_juu
Kifua kwa mita, zidisha kwa chenyewe, zidisha kwa urefu kutoka kati ya masikio hadi shina la mkia, halafu mara 69.3. Kifua 0.90 na urefu 0.95 inanipa kilo 53.

daktari_mstaafu
Ndiyo hiyo. Pima asubuhi kabla hajala, akisimama kichwa kimenyooka.

mgeni_wa_limuru
Nimeondoa pumba kwa wangu wa Bamburi. Sisemi kitu kingine.

mtwapa_mishikaki
Hao wawili wakubwa uza basi, mvua za Aprili hazijafika.

mwakirunge_juu
Njoo uwapime kwa futi yangu, si kwa macho yako.

mama_wa_utange
Mwanangu, na yale machicha mliyokuwa mnayabishania, huko kwenu sokoni kuna mama ntilie anayeyatupa? Majike wangu wanne wana mimba.

mwakirunge_juu
Anatupa kila jioni mama, kama debe na nusu. Nitamwambia akuwekee, lakini beba gunia lako na ufike kabla ya saa 12, baada ya hapo yameanza kuchacha.